Kulinda Kiti

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa, na sina sifa ya upole. Wanafunzi wangu hapa Kasongo wanajua naweza kumrudisha mtu ubaoni mara nne kwa kosa moja, na mke wangu anadai hata kanisani nakaa nikimsahihisha padri kimoyomoyo. Nasema haya mapema ili mtu asidhani niliingia kwenye mchezo wa maneno kutafuta marafiki. Niliingia kwa sababu nilitaka kushinda.

Mchezo wenyewe uko ndani ya simu. Unapewa herufi saba, unapanga neno la Kifaransa kwenye ubao wenye vyumba vidogo, mwenzako anapanga lake likishikana na lako, na kila herufi ina pointi zake. Unaweza kucheza na mtu aliye popote duniani. Kila mmoja ana siku tatu za kujibu. Zikipita, mchezo unaandika kwamba umeshindwa, na daraja lako linashuka. Hizo siku tatu ziliwekwa na watu wasioijua Maniema, mkoa wetu huu wa mashariki mwa Kongo. Kwetu rezo ya simu inaweza kupotea wiki nzima, na ikirudi utakuta betri imekufa na mwenye kuchajisha simu amefunga kwa sababu jua halikuwaka.

Ndiyo maana tulijitengenezea desturi. Sisi wachezaji wa Maniema tulikuwa na kundi letu la ujumbe, watu kama thelathini, na mkuu wa kundi aliyekaa Kindu alitutangazia madaraja kila Jumapili. Mtu akienda mahali pasipo na rezo, shambani, mtoni au msituni, alimpa mwenzake neno lake la siri. Mwenzake aliingia kwa jina lake na kumchezea zamu zake mpaka arudi. Tuliita kulinda kiti. Sharti lilikuwa kwamba wapinzani wasijue, na mlinzi asiandike ujumbe wowote kwa jina la mwenye kiti. Unacheza tu, unanyamaza.

Sasa naweza kukiri kwamba lile kundi lilinishika moyo. Mtu akipata mtoto, siku hiyo tulianza michezo yote kwa majina ya vyakula. Mtu akifiwa, hakuna aliyecheza kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, hata kama zamu yake ilikuwa inakwisha. Tulitaniana vibaya sana. Mimi waliniita mwalimu wa pili, kwa sababu kila Jumapili nilikuwa wa pili.

Wa kwanza alikuwa mchimbaji wa dhahabu wa Salamabila. Hilo lilinikera kwa mwaka mzima. Mimi nina diploma, yeye alikuwa akiingia shimoni na tochi kichwani. Baadaye alifika Kasongo kununua pampu, akanitafuta shuleni, tukaenda kula samaki sokoni. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kidole kimoja kisicho na kucha. Alisoma seminari miaka miwili kabla ya karo kukatika, na kutoka huko alibaki na kamusi moja ambayo aliibeba kila alikokwenda, imefungwa kwenye plastiki mbili. Kurasa za herufi A zilikuwa zimeliwa na mchwa. Nilimwambia kwamba hiyo ndiyo sababu hanishindi kwa maneno ya A. Alicheka mpaka akapaliwa na mwiba, na tangu siku hiyo tukawa tunapigiana simu.

Aliniambia ana mke Kabambare. Alisema hapendi kuongea naye kwenye simu, maana akiisikia sauti yake anataka kuacha kazi na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Sikumuuliza sasa wanasalimiana vipi. Ningemuuliza, nisingekuwa naandika haya.

Hakuwahi kuomba kulindiwa kiti. Kila siku mbili alipanda kilima cha antena akacheza. Halafu mwaka ule, mvua zilipoanza, alinipigia simu. Wamepata shimo jipya mbali msituni, hakuna rezo kabisa, atakaa huko wiki mbili. Akanipa neno lake la siri, nikaliandika nyuma ya daftari la mahudhurio.

"Unilindie kiti, mwalimu," alisema. "Hata ile michezo ya kidogo-kidogo, usiache hata moja."

Nilidhani anahesabu pointi zake. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, atakuta kiti kikiwa na joto.

Alikuwa na michezo tisa inayoendelea. Nane ilikuwa na watu wa maana. Wa tisa ulikuwa na mtu nisiyemjua, aliyejiita kwa jina la ndege, mwenye kucheza maneno ya herufi tatu tatu kama mtoto wa darasa la nne. Nilipoangalia nyuma niliona rafiki yangu naye alimjibu kwa vineno vidogo, akimwachia nafasi nzuri, akiongoza kwa pointi chache tu. Nilikasirika kwa niaba yake. Niliona anajidhalilisha. Zamu yangu ya kwanza nilitumia herufi zote saba na kumwacha ndege mbali sana.

Siku mbili baadaye ndege akaandika kwenye kile kisanduku cha ujumbe chini ya ubao: "Leo unacheza na nguvu. Nilikosea nini?"

Nilicheka. Nilidhani ni malalamiko ya mtu anayepigwa. Sharti lilikuwa kunyamaza, nikanyamaza, na nikamwongezea neno jingine kubwa.

Wiki mbili zikapita, simu ya rafiki yangu haikupatikana. Ya tatu, ya nne. Sikumuuliza mtu yeyote, na hapa sina pa kujificha. Kila Jumapili mkuu wa kundi alitangaza wa kwanza ni yule wa Salamabila na wa pili ni mwalimu wa Kasongo, na mimi niliyekaa na simu nilijua kwamba wote wawili ni mimi. Nilifurahi. Nilijiambia shimo limetoa, ndiyo maana anachelewa. Ukweli ni kwamba sikutaka arudi haraka.

Wiki ya tano nilipigiwa simu na mwenzetu wa kundi, muuguzi wa kituo kimoja cha afya pale Kabambare. Hakunisalimu. Aliuliza ni nani analinda kiti cha yule wa Salamabila. Nikamwambia kwa majivuno kidogo kwamba ni mimi. 

Kisha akanieleza. Siku ya tatu tangu waingie kwenye lile shimo jipya, mvua ilinyesha na udongo ukashuka. Watu watatu walibaki chini, na mmoja wao alikuwa rafiki yangu. Hawakuweza kufukuliwa. Mwenzao aliyepona alitembea mpaka Kabambare kumpa mke wake habari. Ukoo ukakusanyika, mikeka ikaletwa ili watu wakae matanga. Yule mwanamke akawaonyesha simu yake. Mume wake alikuwa amemchezea asubuhi ileile. Aliwaambia waikunje mikeka yao.

"Anasema mutu mwenye alikufa hawezi kucheza," muuguzi alisema. "Kila mara wakimwambia, anatoa simu. Ndugu ya bwana yake amechoka, wanaanza kugombana. Nilimwambia kuhusu kulinda kiti, akanifukuza. Njoo wewe mwenyewe, mwalimu. Na usicheze tena."

Nilikaa kwenye dawati la mwanafunzi, darasa likiwa tupu. Ndege. Nilirudia kusoma ule ujumbe wake mmoja. Ndipo nilipoelewa ile michezo ya kidogo-kidogo ilikuwa ipi. Kila neno lilikuwa salamu, na mimi nilizijibu salamu zake kwa ngumi.

Siku hiyo zamu ilikuwa yangu, yaani ya marehemu. Zilibaki siku tatu kamili. Ningecheza, angeendelea kungoja. Nisingecheza, simu ingemwambia yenyewe, bila mtu, kwa lugha ya mashine. Niliomba ruhusa shuleni na kesho yake nikapanda pikipiki kwenda Kabambare. Njia ilikuwa matope matupu. Mahali pawili tulishuka tukabeba pikipiki juu ya magogo. Njia nzima nilikuwa natunga sentensi ya kumwambia, naisahihisha, naitunga upya, na nilipofika sikuwa nayo hata moja.

Nilimkuta uani akianika mpunga. Muuguzi alikuwa amekuja nami, na mdogo wa marehemu alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao. Mikeka ilikuwa imeegemezwa ukutani, imekunjwa, mitano au sita, na vumbi lilikuwa limeshaanza kuikalia. Yule mama alikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri. Alinikaribisha vizuri, akanipa maji, kwa sababu muuguzi alisema tu kwamba mimi ni rafiki wa mume wake kutoka Kasongo.

"Alikutuma?" aliuliza.

Nilimwambia hapana. Nikamwambia, "Shemeji, ni mimi nilikuwa nacheza." Halafu nikaeleza yote, kiti, neno la siri, sharti la kunyamaza. Nilieleza kama ninavyofundisha, hatua kwa hatua, na nilijichukia nikijisikia. Alitikisa kichwa. Alisema watu wa ukoo wamenilipa nimdanganye.

Basi nikafungua simu yangu na kumpa. Ulikuwa mchezo wao, lakini ukiwa upande wa pili, upande ambao hakuwahi kuuona. Chini ya ubao zilikuwepo zile herufi saba ambazo mwenye zamu peke yake ndiye anayeziona.

"Ndio herufi yake hizi?" aliuliza.

Nikasema ndiyo.

Alichukua simu yake, akaiweka kando ya yangu juu ya paja, akaanza kurudi nyuma neno kwa neno. Hakuna aliyemharakisha. Maneno yangu makubwa yalipita moja moja chini ya kidole chake chenye pumba za mpunga, na kila moja nililiona aibu. Akafika kwenye lile la kwanza la herufi saba. Akapita. Chini yake kulikuwa na neno la mume wake, herufi tatu tu. Kidole kikasimama hapo.

"Hapa ndio bwana yangu alikufa," alisema. "Niliona mukono imebadilika. Nilizani ni hasira."

Haikuwa sawa. Siku alipocheza neno lile alikuwa mzima, na alibaki mzima siku nyingine tatu. Mimi ambaye simwachii mtu kosa, sikumsahihisha. Nilisema, "Ndiyo, shemeji."

Aliniuliza swali moja tu. Alitaka kujua kama nilisoma alichoniandikia. Nikasema nilisoma. Akauliza kama nilicheka. Nilitaka kudanganya, lakini nikasema nilicheka. Alinitazama, kisha akainuka, akaenda ukutani, akachukua mkeka wa kwanza na kuutandika mwenyewe. Alipofika wa tatu akakaa chini nao ukiwa bado umekunjwa. Mdogo wa marehemu akamalizia. Kilio kilipoanza, majirani walikuja mbio kama watu waliokuwa wakingoja nyuma ya ua wiki zote hizo.

Nilikaa nao. Muuguzi aliwaandikia wenzetu wa kundi, na siku iliyofuata hakuna aliyecheza kuanzia asubuhi mpaka jua linazama. Tulikuwa tumechelewa zaidi ya mwezi. Wanaume waliniuliza nilimjuaje marehemu, na nilisema tulikuwa tunacheza pamoja. Waliona ni jibu la ajabu kwa watu wazima.

Siku ya tatu, mchana, tukiwa tumekaa mikekani, simu yangu ilitetema mfukoni. Nilikuwa nimesahau kutoka kwenye jina lake. Mchezo ulikuwa unamkumbusha kwamba zamu yake inakaribia kwisha. Yule mama alisikia. Alijua ni nini kwa kunitazama usoni tu. Kwa muda mfupi nilitamani aniambie nicheze, hata neno la herufi mbili, ili kile kiti kikae siku tatu nyingine. Nilikuwa na herufi nzuri.

"Acha ipite," alisema.

Nikaizima. Jua lilipoanza kushuka simu yake ndiyo iliyotetema. Aliisoma, akaisoma tena, kisha akaninyooshea simu, kama mwanafunzi anayeleta karatasi asiyoamini alama zake. Katika michezo yao yote hakuwahi kumshinda mume wake hata mara moja. Iliandikwa: hongera, umeshinda.