Miaka Yangu ya Kuwapigia Simu Wahitimu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti, simu na swali moja. Chuo kilikuwa cha binafsi, hapa Bujumbura, na mimi mwenyewe nilikuwa nimesoma hapo. Ofisi ya Wahitimu ilitakiwa kujua nani ameajiriwa na nani bado, ili bango la langoni liseme kwamba wanaosoma kwetu hupata kazi. Mkuu wetu, Bwana Direkta, alisimama nyuma ya kiti changu.

"Unauliza, uko na kazi? Akisema ndiyo, unashukuru, unakata."

"Na kama anadanganya?"

"We ni polisi?"

Nikapiga simu. Karibu wote walisema ndiyo, hata wale niliokuwa nikiwaona mtaani Bwiza asubuhi za siku za kazi, wamekaa tu. Sikuwalaumu. Nililitilia shaka swali.

Mmoja wao ni Fabrice, niliyesoma naye menejimenti. Kwenye simu alisema yuko bureau, yaani ofisini. Jumapili moja nilimkuta ufukweni mwa ziwa, Kajaga, suruali imekunjwa hadi magotini, anaanika ndagala, samaki wadogo wa ziwani, za mjomba wake.

"Bureau yako ina upepo mzuri," nikamwambia.

Akacheka. "Kaka, siku ile ulinipata nimekaa na wakwe. Mushenga wangu ndiyo alikuwa anawaambia mi ni mutu wa bureau. Simu ikalia, nikaweka sauti juu, wote wakasikia chuo kinanitafuta. Ulinisaidia sana. Harusi utakuja?"

Nilirudi mjini nikiwaza. Chuo kilimhesabu Fabrice kwa sababu alisema ndiyo, na wakwe walimkubali kwa sababu chuo kilimpigia.

Tangu hapo nilianza kuwafuata wahitimu walipo, na nikaongeza swali la pili: nani alikuonyesha mlango wa kazi hii? Wengi walitaja baba, shemeji, jirani. Salma, ambaye familia yake ilitoka Omani zamani na ina duka la vitambaa Bwiza, alinishangaa. "Mlango gani? Mi nimezaliwa nyuma ya hii kaunta. Ila mambo ya kodi nilijifunza kwenu. Baba alikuwa anaogopa hata kufungua barua za watu wa kodi." Nikajifunza kutoidharau menejimenti haraka.

Waliosomea maabara walinijibu tofauti, na wote jibu moja: mwalimu wetu. Siri ilikuwa staji, ile miezi ambayo mwanafunzi hufanya kazi chini ya wenye uzoefu kabla ya kumaliza. Kwenye idara nyingine kila mtu alijitafutia. Mwalimu wa maabara aliwapeleka wake mwenyewe, hospitali kwa hospitali, kisha akarudi kuuliza wanaendeleaje. Idara yake haikuwa kwenye bango. Ilichukua wanafunzi wachache.

Nilimweleza Bwana Direkta.

"Hao wengine wako na kazi ama hawana?"

"Wanayo, lakini hatukuwapa sisi."

"Bango halisemi tumewapa. Linasema wanayo." Akavua miwani. "Kijana, menejimenti ndiyo inajaza madarasa. Yasipojaa, huyo mwalimu wako wa maabara atafundishia wapi?"

Nikarudi kwenye simu zangu. Swali lake ninalo mpaka leo.

Kisha nikahamishiwa meza ya uandikishaji, chini ya Bwana Direkta huyohuyo. Huko ndiko alikokuja Aziza, mtoto wa dada yangu, kutoka Buterere. Mafuriko yalikuwa yameharibu mpunga wao mara mbili, na baba yake alimwambia wazi kwamba atamsomesha mara moja tu. Akikosea kuchagua, anarudi shambani. Alikuwa amesoma bango, anataka menejimenti.

"Wahitimu wetu wako na kazi, binti," Bwana Direkta alimwambia, huku wazazi wengine wakisikiliza.

Aziza alinigeukia. "Mjomba, ni kweli? Nipe jibu la nyumbani, si la bango."

Nikampa. Nilisema kwa sauti ya kawaida kwamba menejimenti ni nzuri kwa mwenye duka au mwenye mjomba mkubwa, na mjomba wake ni mimi. Nikamwonyesha ulipo mlango wa mwalimu wa maabara. Baba mmoja aliondoka kwenye foleni ya menejimenti akamfuata.

Wiki iliyofuata nilipangiwa kuhesabu viti stoo. Nikastaafu, kama ninavyopenda kusema, kabla ya mvi. Sasa nafundisha sekondari, na wanafunzi wangu wakiniuliza chuo gani kina kazi, nawaambia waende kwa waliomaliza, wawakute walipo, waulize swali la pili.

Sikuwa na uhakika kama nilimshauri vizuri Aziza. Alimaliza maabara, akakaa nyumbani miezi mingi, na baba yake akawa hanisalimii vizuri. Juzi nilikuwa kwao Buterere simu yake ilipolia. Ilikuwa Ofisi ya Wahitimu. Aliweka sauti juu, sote tukasikia kijana akiuliza kama yuko na kazi.

"Jumatatu naanza, maabara ya hospitali. Mwalimu amenipeleka jana."

"Basi naandika ndiyo."

"Apana. Leo sina. Andika sina, unipigie tena Jumatatu."

"Sawa, Jumatatu," kijana akasema. Baba yake Aziza akanisogezea kiti.