Arobaini na Mbili kwenye Karatasi ya Hospitali

Aliyenipiga utrasaundi pale Njombe hakusema mengi. Alinipa karatasi ya kujifuta tumbo, kisha bahasha. "Daktari atakusomea Jumatatu, dada." Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Niliifungua bahasha ndani ya basi kabla hatujatoka mjini. Maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza. Niliambulia maneno mawili niliyofundishwa shuleni, la kizazi na la uvimbe, na mbele yake namba 42 na herufi m mbili.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani kwetu Mahongole, Makambako. Futi yangu ya kupimia nguo ina inchi upande mmoja, na ndizo ninazotumia. Upande wa pili sikuwa na kazi nao. Nilijua tu kuwa ni wa mita. Nilipofika nilifunga mlango, nikaigeuza futi, nikatafuta arobaini na mbili. Ilianzia nyonga moja ikapita ya pili.

Nikakaa chini. Kitu kikubwa hivyo kimo ndani yangu? Akili ilikataa, lakini sketi ilikuwa imeanza kunibana, na hofu ikaishika sketi hiyo kama ushahidi.

Sikumwambia mume wangu. Ijumaa na Jumamosi nilishona sare za wateja kama mtu anayefukuzwa, nikabandika jina la mwenyewe juu ya kila moja, wasije wakahangaika nikiwa sipo. Jumapili kanisani, mchungaji alipowaombea wagonjwa, nilitetemeka hadi jirani yangu akanifunika kitenge chake, akidhani ni baridi.

Mchana huo mume wangu alinikuta chumbani, futi iko tumboni.

"Unafanya nini, mama?"

Nikampa karatasi. Yeye hutengeneza madirisha ya aluminiamu. Aliisoma, akakunja uso.

"Mbona hukuniambia?"

"Sentimita arobaini na mbili, baba. Nitapona kweli?"

"Sentimita? Hapa pameandikwa milimita, zile tunazopimia madirisha." Akaichukua futi, akaweka ukucha kwenye vimistari vidogo. "Kumi za hivi ndiyo sentimita moja. Arobaini na mbili inaishia hapa."

Ukucha ulisimama mbele kidogo ya nne. Kama ndimu.

Nililia. Yeye hakucheka. Aliendelea kuitazama ile nne.

"Lakini bado ni uvimbe," akasema taratibu. "Kesho twende wote."

Daktari alisema uvimbe wa namna hiyo anauona kwa akina mama wengi, hauonekani kuwa mbaya, turudi baada ya miezi mitatu.

"Ni milimita, si sentimita?" nikamuuliza.

Akaniangalia. "Milimita, mama."

Tuliporudi baada ya miezi hiyo, uvimbe ulikuwa milimita arobaini na moja. Mume wangu akanishika bega mbele za watu, jambo asilolizoea. Bado naenda kupimwa, na siku hiyo ikifika sinywi chai mpaka niisome namba mwenyewe na kuigawa kwa kumi.