Aliyemvua Mtoto Wangu Sweta

Nilikuwa kijijini Kanja, nimeinama katikati ya mibuni ya kaka yangu, simu ilipolia kuniambia kwamba muuza nyama wangu wa zamani wa Kiirua ametutoka. Nilisikitika, kisha nikafanya kosa ambalo sisi Wakristo wa milimani hulifanya bila hata kufikiri: nikauliza kamati ya mazishi inakutana wapi, na kama Ijumaa nitakuwa nimechelewa. Aliyepiga alinisahihisha. "Mwalimu," akasema, "huyu alikuwa Mwislamu. Tunazika leo alasiri." Nikanawa mikono, nikashika njia, nikijua fika kwamba sitawahi kutupa hata gao la udongo. Binti yangu anasoma chuoni Nchiru, karibu na Kiirua, kwa hiyo nikamtuma atangulie. Mtaona kwa nini ilifaa awe yeye.

Marehemu hakuwa na cheti cha chochote ila kile cha afya cha kumruhusu kuuza nyama. Lakini ukimwomba mbavu nusu kilo, ulipewa somo kwanza. Aliinua ubavu wa mbuzi kwenye mwanga wa dirisha na kukuonyesha kwa ncha ya kisu. "Nyama ya katikati ya mbavu si moja, mwalimu. Ni mbili zimelaliana. Ya nje inashuka ikienda mbele, vile mtu anaweka mkono kwa mfuko. Ya ndani inashuka ikirudi nyuma." Ya nje, alisema, huinua mbavu ukivuta pumzi, na ya ndani huzivuta chini ukipuliza kwa nguvu, kama unayewasha kuni mbichi. Halafu alikamata kiwambo, ule utando wa nyama unaotenga kifua na tumbo, akautandaza kiganjani. "Hii ndiyo mfanyakazi mkubwa. Ikishuka, hewa inaingia. Mapafu ni mavivu, hayana nyama ya kujivuta, yanangoja kuvutwa." Wateja wa nyuma walikuwa wakinung'unika. Mmoja akamwambia, "Mzee, kata nyama, tuko na njaa." Akajibu bila kugeuka, "Na hizo kelele unazipiga na nini? Si na hii hii?"

Mimi nilimcheka kwa miaka. Nilikuwa mwalimu wa historia, na mbuzi aliyekufa nilimthamini akiwa kwenye supu.

Kisha tukajaliwa binti, na Julai ya kwanza ya maisha yake akashikwa na kikohozi. Mnaijua baridi ya Kiirua. Mama mkwe alifuma sweta tatu akatuagiza tumvalishe zote, pamoja na kofia na shali, na mkwe mwenye adabu zake hafungui kifungo kilichofungwa na mama mkwe. Siku ya tatu tukapita buchari kununua mifupa ya supu, mke wangu amempakata mtoto aliyevimba nguo kama kabichi. Marehemu alikuwa anapima. Akaacha, akasikiliza. "Mama, huyu anapumua haraka. Hebu fungua hizo sweta." Mke wangu akanitazama, nami nikasema ni baridi, tutamfungua nyumbani. Akanawa mikono, akazunguka meza. "Mwalimu, kifua hakionekani kwa shali. Fungua."

Tukafungua. Kila mtoto alipovuta pumzi, ngozi ya katikati ya mbavu zake ilizama ndani, na chini ya mbavu pakabonyea shimo. "Hii misuli imechoka kuvuta," akasema taratibu, "na hewa haiingii vile inataka. Hiyo si mafua. Pelekeni hosipitali saa hii, supu mtakunywa kesho." Huko tuliambiwa ni nimonia kali. Aliwekwa oksijeni siku nne, na siku hizo nne nilikaa kando ya kitanda nikitazama zile nyama mbili nilizozicheka, nikiziomba zisichoke.

Nimewaza sana juu ya ujuzi wa namna hii. Tunauheshimu ukiwa umevaa koti jeupe, lakini ukiwa umevaa aproni yenye damu tunauambia ukate nyama tuende zetu. Siku hizi mtoto akikohoa watu huuliza simu kwanza, na simu hujibu vizuri tu, lakini haimvui mtoto sweta. Na sisi tuliompenda sana binti yetu tulikuwa tumemfunika kwa mapenzi yetu hata tukashindwa kumwona.

Nilifika Kiirua jua likizama. Kama nilivyojua, kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Nilimkuta binti yangu ameketi na wanawake wa nyumba ile, kando ya binti wa marehemu aliyempakata kitukuu wa mzee, kichanga kilichofungwa shali na sweta hadi puani. Kile kichanga kikakohoa, mara moja tu. Binti yangu, aliyekua akisimuliwa kisa cha sweta zake, hakuomba ruhusa. Alinyoosha mkono, akafungua vifungo kimoja kimoja, akakitazama kifua kikipanda na kushuka mara kadhaa, kisha akavifunga tena. "Kiko sawa," akasema.

Binti wa marehemu akamtazama, machozi yakimlengalenga. "Hivyo ndivyo baba alikuwa anafanya," akasema, "kwa kila mtoto aliyeingia dukani."

Wasomaji wangu, baridi ya mwaka huu ndiyo hiyo inaingia. Wavalisheni watoto vizuri, lakini mtoto akikohoa, fungueni kwanza mtazame.