Uboho na maziwa ya Bi Asha

Subira ilinishinda maabara, mpimaji aliponiambia uboho wangu haumfai dada yangu Salma, anayeumwa saratani ya damu. Na mtoto mgongoni, nikagonga meza.

"Mmechanganya vipimo. Tumenyonya ziwa moja mie naye, hata kadhi anatuhesabu ndugu. Mifupa yangu hii imejengwa na maziwa ya mama yake."

"Mwanangu, aliyekuzaa nani?" akauliza mpimaji.

"Bi Time. Salma kazaliwa na Bi Asha, jirani yetu."

Mpimaji akanieleza kuwa uboho hufuata damu ya wazazi, si maziwa. Barua niliyokuwa nimeanza kuiandika ya kuwashitaki nikaichana, nikaandika nyengine, wakubwa wa hospitali wakaipokea: "Muuguzi wenu aliniandika ndugu bila kuniuliza aliyenizaa. Salma amepoteza wiki sita akinisubiri mimi, na kaka zake wa tumbo moja wako Gando, hawajaitwa."