Baiskeli ya Madam Kando ya Mto Loire

Baba alitangaza habari ya safari wakati wa chakula cha mchana, nikiwa nimesimama karibu naye na sinia la wali. Ndivyo sisi wafanyakazi tulivyomwita mwenye nyumba hapo Riyadh, baba, ingawa kwa umri hatukupishana sana. Alikuwa amestaafu na alitaka kufanya jambo ambalo hakuwahi kulipatia nafasi: kwenda Ufaransa na kuendesha baiskeli polepole kando ya mto Loire, kutoka mji hadi mji, katikati ya mashamba ya mizabibu. Angelala katika nyumba ndogo za wageni, na mizigo ingetangulia kwa gari.

“Na mimi?” madam aliuliza.

“Wewe utakaa garini na mizigo. Gari lenyewe ni zuri, lina kiyoyozi.”

Madam aliisogeza sahani yake mbele kidogo, akanawa mikono. Jioni alinijia jikoni, akafunga mlango, akaniuliza kama kwetu wanawake hupanda baiskeli. Nilimwambia kwamba mimi ni mtu wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, na kwamba huko baiskeli ilibeba abiria kabla ya pikipiki kufika. Nilijifunza kwa baiskeli nyeusi ya baba yangu mzazi, ndefu kuliko mimi, nikipitisha mguu mmoja chini ya bomba la juu kwa sababu kitini sikufika.

“Basi utanifundisha,” akasema.

Kazi hiyo haikunifikia kwa sababu ya ujuzi. Anayejifunza baiskeli ukubwani lazima awe na mtu wa kumshika kiuno, kumkumbatia anapoanguka na kumwinua. Dereva wetu, Mkenya mwenzangu kutoka Nakuru, asingeweza kumgusa madam hata kwa ncha ya kidole. Wana wa madam walikuwa mbali na familia zao. Mumewe alijaribu mara moja uani, akapaza sauti, na madam akaiacha baiskeli chini na kuingia ndani. Nikabaki mimi.

“Dada, ukimwangusha huyo mama, mimi sikujui,” dereva aliniambia. “Wakiniuliza nitasema wewe ni Mganda.”

“Na wewe utasema nani alileta baiskeli kutoka dukani?”

“Nitasema ilikuja yenyewe.”

Nina shahada ya ualimu. Nilifundisha shule ya upili kwa mikataba iliyokwisha mmoja baada ya mwingine, kisha nikaja Riyadh kufanya kazi za nyumbani. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuniuliza nilisoma nini, nami sikuona sababu ya kutangaza. Lakini nilipopewa mwanafunzi, mazoea ya darasani yalinirudia bila kuitwa. Nilimwomba dereva aondoe pedali, nikamfanya madam asukume baiskeli kwa nyayo tu, aizunguke mitende ya uani mpaka mwili wake uelewe kwamba gurudumu linalokwenda haliangushi mtu kirahisi kama lililosimama. Abaya, vazi lake refu jeusi, lilinaswa na mnyororo siku ya kwanza, tukalikata kwa makasi ya jikoni ili kumtoa. Baadaye tulikwenda kwa fundi cherehani wa mtaa wa Sulimaniyah, akamshonea abaya lenye miguu miwili iliyobanwa vifundoni. Kwa mbali hungeona tofauti.

Ijumaa alfajiri dereva alitupeleka Wadi Hanifah, bonde lenye mitende na maji membamba pembeni mwa jiji, kabla familia hazijafika na mikeka na majiko yao. Mimi nilikimbia nyuma nikishika kiti. Umri wangu si wa kukimbia. Madam alikuwa akiniuliza kila mara, “Umeshika?” nami nikimjibu, “Nimeshika,” mpaka siku niliyojibu nikiwa nimesimama mbali, nikihema, na yeye akiendelea kwenda. Aliligundua hilo kwa namna sauti yangu ilivyokuwa ndogo. Akaanguka papo hapo, kisha akanitukana kwa Kiarabu ambacho sikuwa nimefundishwa bado.

Mwezi uliofuata tulihamia nyumba yao ya Jeddah, kama kila mwaka. Ndugu zangu wa Kikenya niliokutana nao mtaa wa Bani Malik siku ya mapumziko walicheka hadi machozi. “Kwani wewe ulikuja Saudia kufua ama kufundisha baiskeli?” Lakini Jeddah ndiko madam alikoacha kuniuliza kama nimeshika. Njia ya ufukweni ni pana na tambarare, na asubuhi mapema ilikuwa na wazee wachache waliotembea kwa afya zao. Siku moja tulipumzika kwenye benchi, akapangusa uso, akasema:

“London nimeiona kupitia dirisha la gari. Kairo, dirisha la gari. Hata bibi yangu tulimzika nikiwa dirishani. Sitakwenda Ufaransa kuangalia dirishani.”

Mumewe alipoona kwamba jambo hili si la kupita, alikubali kwa sharti moja: akishindwa njiani, ataingia garini bila ubishi. Madam naye aliweka sharti lake, kwamba mimi niende pia. Baba alishughulikia viza yangu, ikama yangu, kile kibali cha ukaazi, ikaambatanishwa na karatasi nyingine ambazo sikuzisoma, na Septemba tulipanda ndege watatu.

Loire si mto wa kutisha. Ni mpana, una visiwa vya mchanga katikati, na maji yake huenda kama mtu asiye na miadi. Njia ya baiskeli iliufuata mto kwa sehemu kubwa, kisha ikapanda kidogo na kuingia kati ya safu za mizabibu. Ulikuwa wakati wa mavuno. Watu waliinama kati ya safu wakiwa na makasi madogo na ndoo, na harufu ya zabibu zilizopondwa ilitufikia kabla hatujaona nyumba yoyote. Nyumba zilikuwa za mawe meupe. Baba alikwenda mbele, akitungoja kwenye kila njia panda. Mimi nilimfuata, na madam alinifuata mimi. Agizo nililompa lilikuwa moja: asiangalie mandhari akiwa anaendesha, atazame gurudumu langu la nyuma.

Siku ya pili tulisimama kwenye ghala la mvinyo lililochimbwa ndani ya mwamba. Mwenye ghala alimimina mvinyo katika bilauri tatu kabla hatujasema lolote. Baba aliweka kiganja juu ya bilauri yake, madam vilevile. Mtu yule hakukasirika, alileta maji ya zabibu. Bilauri yangu ikabaki mezani, nyekundu.

“Kunywa,” madam aliniambia. “Wewe ni Mkristo. Mimi sioni kitu.” Akageuka akautazama ukuta.

“Madam, kanisani kwetu hatunywi.”

Aligeuka tena. “Mafi? Hakuna? Hata wewe?” Akamwambia mumewe, “Basi sote watatu tumesafiri hadi nchi ya mvinyo kunywa sharubati.”

Siku iliyofuata njia yetu iliishia kijijini, ikatubidi kupita barabara nyembamba ya magari kati ya mashamba. Haikuwa na gari. Baba alikuwa amekwishapotea mbele. Nilijisikia vizuri, kivuli kilikuwa kizuri, na bila kuamua lolote mwili wangu ukasogea kushoto. Kwetu Kenya watu hupita kushoto. Miaka yangu yote ya Riyadh nilikaa kiti cha nyuma, na aliye kiti cha nyuma haulizwi upande. Madam hakuwahi kuendesha chochote kabla ya baiskeli ile. Alilitazama gurudumu langu, kama nilivyomwagiza, akalifuata kushoto.

Kwenye kona tukakutana na trekta lililovuta tela la zabibu. Mimi niliingia kwenye majani. Madam alibana breki zote mbili, akarushwa juu ya usukani.

Mwenye trekta aliteremka akisema kwa sauti kubwa, akituonyesha upande ule, kisha upande huu, kisha ule tena. Madam aliketi barabarani akiangalia goti lake lililochubuka na kuujaribu mkono wake wa kulia, akiukunja na kuukunjua. Alipoona tunatazamana tu, mtu yule aliliweka gurudumu la mbele la baiskeli ya madam katikati ya magoti yake, akaunyoosha usukani uliopinda, kisha akatukabidhi kichala cha zabibu kutoka kwenye tela na kuondoka.

Baba alirudi mbio. Nilimweleza yaliyotokea.

“Kushoto?” akanishangaa. “Wewe umetoka wapi, Uingereza?”

“Waingereza ndio waliotufundisha, baba.”

Hakucheka. Alipiga simu, akasimama akitazama barabara, na baada ya muda gari la mizigo likafika na mlango wake ukafunguliwa. “Halas, basi,” alimwambia mkewe. “Tulikubaliana.”

“Tulikubaliana nikishindwa.”

“Umeanguka.”

“Nimeanguka. Nimeanguka Riyadh, nimeanguka Jeddah. Huyu hapa shahidi.” Alikuwa ameketi juu ya ukuta mfupi wa mawe, akila zabibu za yule mtu mojamoja. Alinigeukia. “Kwenu kushoto, hapa kulia. Sasa hivi, ukiwa mbele na barabara tupu, mwili wako utakwenda wapi?”

Nilifikiri. “Sijui, madam.”

“Basi mimi nitatangulia. Mimi sina upande niliouzoea.”

Hoja hiyo niliitafakari baadaye mara nyingi, na sijaona kasoro yake. Baba pia hakuiona. Alimwambia mwenye gari aende, na gari likaenda na mizigo peke yake.

Kuanzia hapo nilikaa nyuma. Madam aliendesha akiwa amenyooka mno, mabega juu, akishikilia ukingo wa kulia kana kwamba umechorwa kwa ajili yake. Kwenye kona nilisema, “Kulia, madam,” naye akajibu, “Najua.” Sasa hakuwa na gurudumu la kutazama. Alitazama mto, mizabibu, nguo zilizoanikwa, mbwa. Mara mbili aliyumba kwa sababu ya kutazama, mara zote mbili akajirekebisha mwenyewe.

Mji wa mwisho uko ng’ambo ya mto. Baba alitutangulia hadi katikati ya daraja, akaegemeza baiskeli yake kwenye kingo, akaitoa simu ili ampige picha mkewe akiwasili. Alimpungia mkono asimame. Madam alimpita bila kupunguza mwendo, akateremka upande wa pili wa daraja, na hapo ndipo alipotafuta mahali pa kushukia.

Baba alitufuata kwa miguu, simu mkononi, akilalamika kwamba hakupata picha yoyote ya maana.

“Rudi pale uliposimama,” madam akamwambia, akiigeuza baiskeli. “Napita tena.”