Mkaja wa Bi Mwanamkisi

Sisi watoto wa Langoni, hapa Amu, tulikuwa na mama wengi kuliko waliotuzaa. Tulikuwa na Mama Kuku, aliyewafunika wanawe kwa mbawa hata kama aliyepita ni mjusi tu. Tulikuwa na Mama Paka, asiyemwamini jirani yeyote, akimhamisha mwanawe chumba hadi chumba kwa kumng'ata shingoni. Na Mama Punda, mkali huyo, ampigaye mwanawe teke kisha akalia yeye. Wote walikuwa vikaragosi vilivyosukwa kwa miyaa na kutiwa vijiti. Aliyevichezesha alikuwa jirani yetu Bi Mwanamkisi, mke wa Bwana Famau mshona kofia.

Alasiri, tukishatoka chuoni kusoma Kurani, alisimamisha mkeka uani kwake, akakaa nyuma yake na kuwatoa mama mmoja mmoja juu ya ukingo. Tuligombana hadi kuvutana nywele kuhusu nani ni mama bora. Mie nilimtaka Paka. Bi Mwanamkisi alicheka tu, akatuambia tuwaache, kila mmoja analea ajuavyo. Wanawe wawili wa kiume, Fadhil na Hamid, aliwalea kama Kuku mtupu. Hakuwahi kuwainulia mkono, na mmoja akikohoa, nyumba nzima haikaliki.

Lakini alikuwa na mwana mwingine, na huyo ndiye ninayetaka kueleza habari zake.

Radhiya alikuwa kifungua mimba wake. Alipotimiza miaka miwili na kuachishwa ziwa, Bi Mwanamkisi alimpa dada yake mkubwa, Bi Swafiya wa Pate, ambaye hakujaaliwa mtoto na mumewe alikuwa ameshaanza kutaja mke wa pili. Si jambo geni kwetu. Dada akikosa, dada humpa, na mtoto hukua akijua nani alimzaa na nani anamlea. Hakuna aliyefichwa kitu. Ila mie huwakasirikia wanaosema ni jambo jepesi. Mwambie huyo atoe wake, tuone.

Miezi minne baadaye Bi Mwanamkisi alikwenda Pate kumtazama. Mtoto alimrukia shingoni, akakataa kushuka mchana kutwa. Alipoondoka, Radhiya alikaa siku tatu bila kula, akaita jina la mama hadi sauti ikamkauka. Bi Swafiya alileta habari Amu kwamba mtoto anaisha.

Hapo ndipo Bi Mwanamkisi alipokata shauri lake, na alikuja kuniambia mimi peke yangu, miaka mingi baadaye, nilipokuwa msichana wa kumfuata safari zake za Pate. Aliniuliza kama najua wanawake hufanya nini kumwachisha mtoto ziwa. Nikasema hupaka shubiri kwenye chuchu. Akasema, basi, yeye alijipaka mwili mzima.

Nilimwona akifanya. Tulipokaribia nyumba ya Bi Swafiya, uso wake ulibadilika, ukawa wa mtu nisiyemjua. Radhiya, msichana wa miaka minane, alitoka mbio. Bi Mwanamkisi alimtoa mikono kiunoni kama anayebandua kitu kilichomnata, akamwambia nywele zake chafu, mwendo wake mbaya, aende kwa mamake akasukwe. Zawadi alizomshonea alimpa Bi Swafiya azitoe kama zake. Msichana alisimama mlangoni akitafuna ncha ya leso, kisha akaenda zake. Njiani kurudi Bi Mwanamkisi alilia hadi akatapika, na mie nikamshika kichwa. Nikamwambia, kwa ujinga wangu wa utoto, kwamba anamwonea. Akasema mtoto hawezi kulala na mama wawili, mmoja lazima awe mbaya ili alale na mwingine. Akaniapisha nisimwambie Radhiya.

Mie nikanyamaza. Naam, na mie nimo.

Alikwenda hivyo mara mbili kila mwaka. Kufika miaka kumi, Radhiya aliacha kutoka mbio. Kufika kumi na mbili alikuwa akisalimu kwa adabu, akaleta kahawa, akaondoka. Alimwita mama mdogo, kama mwana yeyote wa dada.

Ule mwaka vilipoanza vita vya Wajarumani, Radhiya aliposwa na Hamdun, kijana wa Siyu. Bi Mwanamkisi alibadilika kabisa. Alioga mara mbili kwa siku, akaimba jikoni. Nilijua kwa nini. Kwetu upande wa mume huleta kilemba cha baba wa bibi harusi, na huleta mkaja na ubeleko kwa mama. Mkaja ni kile kitambaa mzazi anachofungwa tumboni akishajifungua. Ubeleko ni cha kumbebea mtoto mgongoni. Bi Swafiya alimbeba Radhiya mgongoni, lakini hakufungwa mkaja hata siku moja. Bi Mwanamkisi aliniambia waziwazi kwamba amengoja miaka kumi na minne, na sasa mtoto ameshalelewa, ameshapata mume, shubiri haina kazi tena. Alitaka kitu kimoja tu, aitwe akapokee mkaja wake mbele za watu.

Mambo ya Bwana Famau yalikuwa mepesi. Sharia ilimwita. Yeye ndiye walii, mwenye haki ya kumwoza, akaketi na shehe, akamwozesha binti ambaye hajakaa naye, akavishwa kilemba chake akarudi anatabasamu. Hakuna aliyemuuliza kama anapendwa.

Kwa wanawake, somo wa bibi harusi, yule mama aliyemfunda, alileta sinia lenye nguo mbili. Bi Swafiya, Mungu amlipe, hakuwa mwizi. Alichukua ubeleko, akasema mbele ya wote kwamba mkaja ni wa mdogo wake. Bi Mwanamkisi akainuka. Lakini somo akasema mambo haya hayaendi bila kauli ya mwari, akaingia ndani kumuuliza Radhiya.

Pazia lilikuwa jepesi na sote tulisikia.

"Mkaja ni wa mama. Mpeni mama Swafiya. Yule mama mdogo hajanitaka tangu nina akili, msimlazimishe leo."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayemhurumia mtu.

Nilifungua kinywa. Wallahi nilifungua, kiapo au si kiapo. Bi Mwanamkisi alinibana mkono hadi kucha zikaingia. Akachukua ule mkaja kutoka kwenye sinia kwa mikono yake, akamfunga dada yake kiunoni, fundo zuri la ubavuni, akapiga kigelegele cha kwanza. Bi Swafiya alikuwa akilia, na watu wakadhani ni furaha.

Jioni Radhiya alitolewa kuaga. Alimbusu mkono Bi Mwanamkisi, akamshukuru kwa kuja.

"Mungu akuweke," alijibu, "mwana wa dada yangu."

Mie naye tulitoka hadi ukutani nyuma ya nyumba. Nikamwambia narudi ndani sasa hivi nikamweleze yote, na Mungu anihukumu kwa kiapo changu.

"Umweleze nini? Umemsikia. Hakusita hata kidogo. Ana mama mmoja, Twahira. Ndivyo nilivyotaka."

Kisha akakaa chini mchangani, akajikumbatia tumbo kwa mikono miwili, na sikuweza kumwinua.