Samaki wa Ramazani na Gharama ya Maji

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo haijanitoka. Mume wangu Ramazani alisimama mlangoni amekumbatia vioo vinene vilivyofungwa kwa blanketi, anatabasamu kama mtu aliyeleta bibi arusi. Mimi sikutabasamu. Vioo vile vilikuwa cherehani yangu.

Nakueleza haya kwa sababu umeniambia unataka kufuga samaki wa bahari ndani ya nyumba yako kule Lubumbashi, na umekwisha kuuliza bei ya sanduku la vioo, ya chumvi, na ya mashine ya kuwapa hewa. Umeuliza vizuri. Lakini keti kwanza.

Ilikuwa hapa hapa Kalemie, siku zile mji ungali ukiitwa Albertville na uhuru ungali mchanga. Ramazani alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika atelye, yaani karakana, ya reli. Nyumbani tulikuwa watatu: yeye, mimi, na mama yake, Mama Mayasa, aliyeuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, wakavu maisha yake yote mpaka miguu ikamkatalia kushuka ziwani. Ni kwa ajili yake mume wangu alipata wazo lile. Alikuwa ameona sanduku la samaki nyumbani kwa mkubwa wake wa kazi, Mbelgiji mmoja, kabla huyo hajarudi kwao. Akasema kwamba kama mama hawezi tena kulifuata ziwa, yeye atamletea kipande chake sebuleni.

Vioo alivipata kwa Mgiriki aliyekuwa anafunga magazini yake, duka lile kubwa. Akiba tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya cherehani ikaishia pale. Fremu aliichomelea mwenyewe, na viungo akaviziba kwa mastiki ya madirisha. Alipolijaza sanduku mara ya kwanza, maji yote yalitoka yakalowesha mikeka hadi chumbani kwa mama. Akabandua, akaziba upya, akangoja ikauke. Usione vyaelea, mwanangu, vimeundwa.

Samaki aliwatega kwa kipande cha chandarua kwenye mawe ya ufukweni, weusi wenye mkanda mweupe kiunoni, wazuri ajabu. Akawatia katika maji ya bomba. Adhuhuri walikuwa wanaelea, matumbo juu. Ramazani alikaa mbele ya sanduku, na mimi, Mungu anajua, nilikuwa na maneno mengi mdomoni. Mama mkwe wangu ndiye aliyetangulia kusema.

"Ramazani, vioo umelipa. Ziwa je? Samaki huyu amezaliwa katika maji yenye kutembea. Ukimufunga ndani ya nyumba, wewe njo utakuwa mawimbi yake, kila asubuhi. Kama hauwezi, uza hivyo vioo, umurudishie muke wako cherehani yake."

"Nitaweza, mama," akasema.

Na aliweza. Alitega samaki wengine, na kila alfajiri, kabla king'ora cha atelye hakijalia, alishuka ziwani na ndoo zake akapanda nazo. Majirani walimcheka, mwanamume mzima anateka maji kama msichana, tena ya samaki. Aliwaamkia kwa adabu akapita. Mchana, akiwa kazini, zamu ilikuwa yangu: nachota maji ya sanduku kwa kata, nayamwaga kutoka juu ili hewa iingie. Mwanzoni nilimwaga kwa hasira. Lakini hasira haidumu mbele ya uso wa mama mzee anayecheka peke yake kwenye mkeka, akifuata samaki kwa kidole na kuwaita majina ya wateja wake wa zamani, huyu mchoyo, yule mwenye kelele.

Halafu jike mmoja akaacha kula. Kidevu kilimvimba, mwili ukakonda. Nilimwambia Ramazani amtoe asije akawaambukiza wenzake. Akasema tumpe siku. Zikapita siku, zikawa majuma. Chakula kinamfikia puani, naye anageuza kichwa.

Alasiri moja nilikuwa ninamwaga maji. Yule jike akafungua mdomo, na wakatoka watoto, samaki kamili, wadogo kama mbegu za pilipili, weusi wenye madoa meupe. Kivuli cha mkono wangu kilipowapitia, wote wakakimbilia mdomoni mwa mama yao, naye akaufunga. Nilimwita mama mkwe. Alikuja ameshika ukuta, akapiga magoti mbele ya kioo, tukasubiri pamoja mpaka wakatoka tena.

"Kumbe alifunga," alisema kwa sauti ndogo. "Chakula kinapita mbele yake, na mudomo umejaa watoto."

Mwanamke aliyeishi kwa samaki miaka yote ile hakuwahi kuona hilo. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, tunasema kila siku. Siku ile niliiona ikiogelea. Sikutaja tena cherehani.

Kisha ukaja mwaka wa vita. Risasi zilisikika upande wa stesheni na watu wakaanza kukimbilia milimani. Mimi nafunga mizigo, Ramazani anachukua ndoo, anawachota samaki mmoja mmoja. Nilimwambia wazi kwamba ana wazimu, watu wanakufa naye anashughulika na samaki.

"Hawakukuja wenyewe," akanijibu. "Mimi njo niliwaleta."

Akashuka nao mpaka kwenye mawe yale yale, akarudi suruali imelowa hadi mapajani. Akampakia mama yake kwenye karia ya baiskeli, akaisukuma mlima mzima, tukaenda. Tuliporudi, nyumba ilikuwa tupu, hata milango imebebwa, na sanduku limevunjwa. Alizoa vipande akavifukia, asije mtu akakatwa mguu. Sikumsikia akilalamika hata mara moja. Nimeishi na watu wengi, mwanangu, ila mtu mzima wa namna ile sijamwona wa pili.

Basi sikukatazi. Ukipenda boga, penda na ua lake. Bei ya dukani unailipa mara moja ukaisahau. Lakini chochote chenye pumzi unachokiingiza nyumbani, awe samaki, mbuzi, mke au mtoto, kitakudai asubuhi zako, na hazikopeshwi. Jiulize kama utazitoa huku watu wanakucheka. Jiulize pia, siku mambo yakiharibika, kama utakikumbuka kabla ya mizigo yako. Ukiona moyo unasitasita, acha, si aibu. Ukiona unakubali, nunua, na usimhesabie mtu gharama yake.

Mungu akupe mgongo wa kubeba unachokipenda. Akupe na mwenzi wa kukupokea mzigo pale utakapochoka, na wanaokutegemea wasijute kamwe kuwa mikononi mwako. Amina.